Shaaban Robert: karani wa duane aliyeweka nchi nzima angani

Kuna kitabu chembamba cha Kiswahili ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa jioni moja. Kilitoka mwaka 1951, na jina lake ni Kusadikika. Kinaeleza habari za nchi isiyo na mlima unaogusa ardhi, wala pwani, wala mpaka na jirani. Nchi hiyo inaelea angani. Watu wake wana mfalme, mawaziri, gereza na tribinali. Wana karibu kila kitu, isipokuwa ruhusa ya mtu mdogo kusema ukweli mbele ya wakubwa.

Aliyeandika kitabu hicho hakuwa profesa wala mwanasiasa. Alikuwa karani wa serikali ya Waingereza, mtu wa kukaa mezani na kuandika hesabu za watu wengine. Jina lake ni Shaaban Robert. Amekufa zaidi ya miaka 60 sasa, lakini wanaosoma Kiswahili kuanzia Mombasa mpaka upande huu wa ziwa bado wanakutana na jina lake. Wengi wanamjua kwa mashairi tu. Wachache wanajua kama aliwahi kubuni dunia nyingine kabisa, tena kabla Kiswahili hakijawa na jina la kuita hadithi za namna hiyo. Wachache zaidi wanajua kama mtu huyo huyo alichukua kalamu akaandika maisha ya mwanamke mwimbaji, mtoto wa wafinyanzi, asiyejua kusoma.

Mambo hayo mawili, nchi ya angani na yule mwimbaji, yanaonekana kama hayana undugu. Ukifuata maisha yake pole pole, utaona yanatoka kwenye shimo moja.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, kijijini Vibambani, sehemu za Machui, karibu na mji wa Tanga, kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Ni hao hao Wajerumani waliojenga reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, na meli zao za vita zikasumbuana na Wabeleji hapa ziwani. Vita ilipoisha, Waingereza walichukua nafasi yao, nchi ikaitwa Tanganyika, jina la ziwa ambalo wakaaji wa Kalemie wanaliona kila asubuhi.

Wazee wake walikuwa na asili ya Wayao, watu waliotoka kusini, lakini yeye alikulia katika Kiswahili na dini ya Kiislamu, na maisha yake yote alijihesabu kuwa Mswahili. Kuanzia 1922 mpaka 1926 alisoma Dar es Salaam. Wanafunzi waliofanya mtihani wa mwisho pamoja naye walikuwa 11, naye akawa wa pili. Masomo yake yaliishia hapo. Hakuwahi kuingia chuo kikuu, sababu wakati ule mtoto mweusi wa Tanganyika hakuwa na chuo kikuu nchini kwake.

Mwaka huo huo wa 1926 akaandikwa kazi ya ukarani wa forodha, ile kazi ambayo hapa kwetu inaitwa ya duane. Alikaa katika kazi hiyo mpaka 1944, miaka 18, akihamishwa bandari moja mpaka nyingine, ikiwemo Pangani, mji mdogo ambao mbele yake, ng'ambo ya maji, kuna kisiwa cha Unguja. Wafanyabiashara wa Kalemie wanajua maana ya duane: ni mahali ambapo kila mzigo unafunguliwa, unahesabiwa, unaandikwa jina, na mwenye mzigo anangoja. Karani wa duane anaona mali ya watu wengi kuliko ile atakayopata yeye mwenyewe. Anaona vilevile jinsi mkubwa anavyoongea na mdogo.

Baada ya hapo alihamishiwa idara nyingine, halafu ofisi ya wilaya ya Tanga kuanzia 1946, halafu ofisi ya upimaji wa ardhi kuanzia 1952. Alistaafu mwaka 1960. Hesabu yote ni miaka 34 ya kumtumikia mkubwa wa Leta, naye akiandika vitabu katika saa zilizobaki.

Msiba wa nyumbani

Kitu cha kwanza cha kujua juu ya maandishi yake ni kwamba hayakutoka kwenye raha. Mke wake wa kwanza, Amina, alikufa angali kijana, akamwachia watoto. Shaaban Robert alimwandikia shairi la maombolezo lenye jina la Amina, na mpaka leo walimu wa Kiswahili wanalifundisha. Mwanamume wa wakati ule kumlilia mke wake waziwazi, tena kwa maandishi, halikuwa jambo la kila siku.

Watoto wake aliwaandikia tenzi mbili za mawaidha. Utenzi wa Hati ni kwa binti yake, Utenzi wa Adili ni kwa mwanawe. Kwenye tenzi hizo anaongea kama baba anavyoongea na mtoto jioni: heshima, kazi, ndoa, ulimi, deni. Mwaka 1949 akatoa Maisha Yangu, kitabu kinachoeleza habari zake mwenyewe. Ni kati ya vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiswahili ambamo Mwafrika wa kawaida, asiye sultani wala mfanyabiashara wa misafara, anasimama na kusema maisha yake yanafaa kuandikwa.

Hapo ndipo tunaanza kuona tabia yake. Hakukaa ndani ya aina moja ya maandishi. Aliandika mashairi, tenzi, hadithi ndefu, insha, wasifu, na alitafsiri. Mashairi ya Omar Khayyam, yule mshairi wa zamani wa Uajemi, aliyageuza kuwa ya Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Vita ya Pili ya Dunia aliitungia utenzi wenye takriban beti 3,000. Na mara nyingi, katikati ya hadithi yake ya mjazo, mtu wa hadithi anasimama na maneno yanageuka kuwa ya kuimbika.

Nchi inayoelea

Turudi Kusadikika. Hadithi inaanza na kesi. Kijana mmoja anayeitwa Karama ameshitakiwa na waziri mkubwa, Majivuno. Kosa lake ni kwamba ameanza kufundisha watu elimu ya sheria, ile kazi ya mtu anayeitwa hapa Kalemie avoka. Kwa Majivuno, mtu wa kawaida akijua sheria, serikali imepata adui.

Karama anaruhusiwa kujitetea mbele ya mfalme. Hapigi kelele. Siku baada ya siku anawasimulia baraza habari za wajumbe 6 ambao Kusadikika iliwatuma zamani kwenda kutazama dunia nyingine: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja juu mbinguni, na mmoja chini ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani. Kila mmoja aliona huko mambo mazuri ambayo nchi yake ingeweza kuyaiga, akarudi nayo. Na kila mmoja, alipofika nyumbani na kutoa habari, malipo yake yalikuwa gereza.

Karama anafanya hivyo kwa akili. Hamtukani waziri, wala hasemi kama mfalme ni mbaya. Anaweka tu zile kesi 6 mezani, moja juu ya nyingine, mpaka kila aliye katika baraza anaona mwenyewe nani mwenye haki. Mwisho mfalme anamwachilia, na waliofungwa bure wanafunguliwa.

Ulaya na Marekani, wakati huo, waandishi walikuwa wameshaanza kitambo kupeleka watu kwenye sayari nyingine na kwenye miaka ijayo. Mwingereza H.G. Wells alikuwa amefanya hivyo tangu mwisho wa karne ya 19. Mwenzake George Orwell alitoa kitabu chake cha 1984 mwaka 1949, miaka 2 tu kabla ya Kusadikika, naye alitumia wakati ujao kwa kusema juu ya serikali inayofunga midomo. Kwenye Kiswahili, safari za Gulliver, yule Mwingereza wa hadithi aliyefika kwenye nchi za ajabu, zilikuwa zimeshatafsiriwa na kusomwa mashuleni kabla ya vita.

Shaaban Robert hakuweka mashine wala chombo cha kuruka kwenye kitabu chake. Kwa hiyo wako wanaosema hiyo si hadithi ya sayansi. Lakini kazi inayofanyika ni ile ile: unaiondoa nchi mahali pake, unaipeleka mbali, ili watu waione vizuri. Kama angeandika kwamba Tanganyika ya Waingereza inafunga watu wanaosema ukweli, karani wa serikali angepoteza kazi, na pengine kitabu kisingepigwa chapa. Alipoandika kwamba nchi fulani huko angani inafanya hivyo, wachapaji wa Uingereza walikipokea, kikaingia mashuleni. TANU, chama cha Julius Nyerere kilichokuja kudai uhuru, kilizaliwa mwaka 1954, miaka 3 baadaye. Wasomaji wengi baada ya hapo walikisoma upya wakajisemea: kumbe nchi ya angani ni ya hapa chini.

Hakuishia hapo. Aliandika Kufikirika, nchi nyingine ya mawazo, ambapo mfalme hana mtoto na waganga wa kila namna wanaitwa kujaribu, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, wa falaki. Mtoto anapopatikana, mwalimu wake anafukuzwa kwa sababu anataka mtoto acheze vilevile, si kukaa na vitabu tu. Baadaye serikali inataka kuua watu 2, mjinga mmoja na mwerevu mmoja, wawe kafara ya kumponya mtoto wa mfalme. Hapo tena ni kesi, na hapo tena ni ulimi wa mtu mmoja mbele ya wenye nguvu. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, alichukua hadithi ya zamani ya Waarabu akaivisha nguo za Kiswahili, na majini yake na mji wa watu waliogeuka mawe.

Mama aliyeimba

Sasa tuje kwa muziki. Kwa Waswahili, shairi halikuwa kitu cha kusoma kimya. Lilikuwa la kuimbwa. Mtunzi anahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, na anapanga vina, ile sauti inayorudi katikati na mwisho, ili mwimbaji asijikwae. Kwa hiyo mtunzi mzuri alitakiwa kuwa na sikio kabla ya kuwa na kalamu. Shaaban Robert alilijua hilo mpaka kitabu chake kimoja cha mashairi akakipa jina la Mwafrika Aimba.

Na katika miaka yake ya ujana bandarini, kulikuwa na sauti moja iliyokuwa inatawala mwambao wote. Ni sauti ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 kijijini Fumba, Unguja. Wazee wake walikuwa wa ukoo wa watumwa, na yeye mwenyewe jina lake la utoto lilikuwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani ilikuwa kufinyanga vyungu, na yeye alivibeba kwenda kuuza mjini huku akitangaza kwa sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar. Wanamuziki wa huko wakasikia ile sauti, wakamfundisha. Taarab wakati ule ilikuwa muziki wa jumba la Sultani, na iliimbwa Kiarabu. Siti aliingia mpaka kwenye jumba hilo, lakini kitu alichofanya kikubwa zaidi ni kuiteremsha taarab mpaka vibarazani, kwa Kiswahili, kwa watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa masikini.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli mpaka Bombay, India, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Hakuna mwimbaji wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo mbele yake. Zile sahani nyeusi za santuri zikauzwa kila bandari. Mwaka huo Shaaban Robert alikuwa na miaka 19, karani mpya.

Siti hakuimba mapenzi tu. Aliimba habari za mji. Wimbo wake mmoja unaojulikana sana, Kijiti, unahusu mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni. Muuaji akakimbia, na tribinali ya wakoloni ikawafunga wanawake waliokwenda kusema walichoona. Ukiweka wimbo huo kando ya Kusadikika, utaona ni kesi moja: mwenye kuleta habari ya kweli ndiye anayeingia gereza. Mwimbaji aliisema kwa jina la mtu na mtaa, sababu wimbo unapita kwenye hewa na hakuna wa kuukamata. Karani, ambaye maneno yake yanabaki kwenye karatasi na sahihi yake chini, ilibidi apande nayo angani.

Siti alifariki Julai 1950. Waliomwonea wivu walikuwa wamemwimbia nyimbo za kumdharau, kwamba hana sura, hana ukoo, jana tu alikuwa anatembea na vyungu. Naye alikuwa amewajibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si kitu, kitu ni akili. Shaaban Robert akaandika maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958.

Leo hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Wakati ule halikuwa dogo. Vitabu vya maisha ya watu vilikuwa vya masultani, mitume na wakubwa. Mwanamke, mwimbaji, wa ukoo wa watumwa, asiyejua kusoma: nani angemwandikia kitabu? Tena wako waliokuwa wanaona kwamba mwanamke anayeimba mbele ya wanaume amejivunjia heshima. Shaaban Robert, Muislamu wa kuheshimiwa na mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha yake, alimtendea kama mtu wa kuigwa. Alimpa kwenye karatasi kile ambacho yeye alikuwa amewapa watu kwa sauti.

Mwisho wa safari

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tanganyika ikafuata tarehe 9 Desemba 1961. Karani mzee, ambaye kitabu chake kilikuwa kimefungua gereza la nchi ya angani, aliona bendera ya nchi yake ikipanda. Hakuifurahia muda mrefu. Alikufa Juni 1962, miezi 6 tu baada ya uhuru, akiwa na miaka 53. Alizikwa Machui, karibu na pale alipozaliwa.

Aliacha maandishi mengi ambayo hayajapigwa chapa. Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940, ilitoka 1967. Ule utenzi wa vita nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake watu waliisoma yeye akiwa kaburini. Alipokuwa hai, Waingereza walimpa nishani ya MBE, na alikaa kwenye kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Leo kuna barabara na shule ya sekondari yenye jina lake mjini Dar es Salaam.

Njia aliyofungua haikufungwa. Mwaka 1995, mwandishi wa pwani ya Kenya, Katama Mkangi, ambaye serikali ya nchi yake ilikuwa imemweka kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa hadithi inayoitwa Walenisi. Humo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani ndani ya chombo, ili akafie huko. Hafi. Anafika kwenye dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Safari hii chombo cha kuruka kipo, na hakuna wa kubisha kama ni hadithi ya sayansi. Lakini mwanzo wake ni ule ule: kuna tribinali, kuna mtu mmoja aliyesema, na kuna wakubwa ambao hawakutaka kusikia.

Kusadikika bado kinachapishwa na bado kinasomwa mashuleni ng'ambo ya ziwa. Mwenye kukipata asikiogope kwa kuwa ni Kiswahili cha zamani. Asome kwa sauti, mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Ataona mwenyewe kwamba maneno yake yalipangwa kwa ajili ya masikio.